Kamati Iliyoninunulia Nyundo

Syombua Mwangangi,
Fundi wa Injini za Dizeli,
Banda la mabati, mkabala na mlango wako,
Mbotela, Nairobi.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Familia za Ukambani,
Mbotela.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni Baba Mkubwa,

KUH: OMBI LA KUVUNJWA KWA KAMATI YA VIFAA

Nakuamkua kwa heshima zote, ingawa tumeshaamkuana leo asubuhi ulipokuja kuomba wembe.

Naomba radhi kwa kukuandikia ilhali tunaishi mlango kwa mlango. Jana nilipokueleza malalamiko yangu kwa mdomo, ulinisikiliza mpaka mwisho, ukanimiminia chai, kisha ukasema kwamba Umoja wetu hauna utaratibu wa kupokea malalamiko yasiyoandikwa. Wewe ulikuwa karani maisha yako yote, nami najua kwamba neno halikuingii sikioni mpaka liwe na tarehe na sahihi. Kwa hiyo nimeketi hapa bandani mwangu juu ya kabati nitakalolieleza hivi punde, na ninaandika. Najua unaniona kutoka dirishani. Tafadhali acha kunipungia mkono, kwa sababu ni vigumu kumlalamikia mtu anayekupungia.

Nianze kwa kusema kwamba Umoja ulinitendea wema, na kwamba wema huo ndio chanzo cha matatizo yangu yote. Baada ya chuo cha ufundi nilifanya kazi kwa Fundi Andati kule Kariobangi, mpaka akaniambia niende nikajitegemee, maana wateja wake walikuwa wameanza kuniuliza mimi kabla ya kumuuliza yeye. Akiba yangu iliishia kwenye mabati ya banda hili. Desturi ya Umoja ni kwamba mtoto wetu akianza kazi, wazee huchanga wakamnunulia vifaa. Mlipotangaza kwamba zamu hii ni yangu, nililia mbele za watu, na Mama akalia pia. Mkaunda Kamati ya Vifaa yenye watu watatu: wewe mwenyewe; Mzee Ndete, mchonga vinyago, ambaye twiga wake wamejaa kwenye maduka ya watalii mjini; na Mama Mwelu, anayepika githeri, mahindi na maharagwe, karibu na lango la mtaa. Kati yenu hakuna aliyewahi kufungua injini, ila Mama Mwelu aliwahi kusukuma gari.

Lalamiko la kwanza: kwamba mliniuliza.

Mliniita nyumbani kwako, mkanikalisha kwenye kiti cha wageni, mkaniuliza fundi wa dizeli anayeanza anahitaji nini. Nikaeleza pole pole. Nikasema kwanza kabisa ni spana, za ringi na za mdomo wazi, kuanzia ndogo mpaka kubwa, kwa sababu injini ya dizeli ni nati juu ya nati. Nikasema soketi na mkono wake. Nikasema jeki, na vyuma vya kuegemeza gari ili jeki ikiteleza nisilaliwe na lori. Bisibisi, plaisi, na ile geji nyembamba ya kupimia nafasi ya valvu. Nyundo, nilisema, iwe moja tu, tena ndogo, maana fundi anayejiheshimu huigusa mara chache.

"Moja?" Mzee Ndete aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba ninanuia kula mara moja kwa wiki.

Mama Mwelu alinitazama kwa huruma. Wewe ulifunga macho, ukatikisa kichwa taratibu, ukasema mmenisikia. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa. Kama msingeniuliza, leo ningesema hamkujua, nami ningewasamehe. Lakini mliniuliza, nikajibu, mkanisikia. Huko kusikia kwenu ndiko ninakokulalamikia.

Lalamiko la pili: safari ya soko la Gikomba.

Niliomba twende pamoja. Ukasema haifai, kwani zawadi ni yangu, na mwenye zawadi akienda sokoni itaonekana anawasimamia wazee. Nikabaki. Nilifagia banda. Nilipigilia misumari ukutani, kila msumari na nafasi ya spana yake, ndogo juu na kubwa chini, kama tulivyofanya kwa Fundi Andati. Nilikuwa na furaha kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto ambaye hajazaliwa.

Mkarudi na mkokoteni, nyote watatu mkitembea nyuma yake kama wenye harusi. Mtaa mzima ukatoka. Kwanza mkashusha kabati la faili, la chuma, lisilo na funguo na lisilofunguka, ambalo ndilo nililolikalia sasa hivi. Ulinieleza kwamba biashara nyingi za vijana hufa kwa kukosa mahali pa kuweka faili. Kisha mkashusha sufuria kubwa na viti vidogo vya mbao, kwa sababu Mama Mwelu aliona kwamba mteja anayengoja gari akiwa na njaa na akiwa amesimama hatarudi tena. Kisha mhuri, uliouagiza mwenyewe kwa mchonga mihuri karibu na kituo cha mabasi, wenye jina langu na neno IMEIDHINISHWA. Ningependa kuuliza ni nani anayemwidhinisha nani, lakini hilo tuliache.

Halafu zikaanza nyundo. Nyundo za kuchongea, za seremala, za fundi bati, za mwashi, moja ya mpira, moja ya mbao ya mpingo yenye mpini mzuri kuliko kitu chochote nilicho nacho nyumbani. Mzee Ndete alikuwa akizitoa moja moja na kunieleza tabia ya kila moja, kama mtu anayetambulisha wajukuu. Pamoja nazo zilikuja patasi za kila upana, zimenolewa tayari. Nikawa natabasamu, nikingoja spana.

Spana ilikuwepo. Ilikuwa moja. Ilishushwa na wanaume wawili. Sijui ilitengenezwa kwa ajili ya nati gani, labda ya meli au ya mtambo wa umeme, ila najua nati hiyo haipo Mbotela, haipo mtaa jirani wa Mowlem, na sidhani kama ipo popote unapoweza kufika kwa barabara. Niliuliza kwa upole itanifaa kwa gari gani.

"Haina haja ya kufaa gari," Mzee Ndete alinijibu. "Watu wataiona wakiwa kule barabarani, wajue hapa kuna fundi."

Mama alinifinya mkono nikashukuru. Misumari yangu ya ukutani ikatundikwa nyundo.

Lalamiko la tatu: kwamba kazi ya Kamati haikuisha.

Nilidhani kamati ya kununua vifaa ikishanunua vifaa huenda nyumbani. Mlipitisha azimio kwamba Kamati itakaa bandani mwangu kuhakikisha vifaa vinatumika, na kwamba kifaa kitakachoonekana kimelala kitapewa mtoto mwingine wa Umoja. Nikafikiri, basi vilale vyote vichukuliwe, nitaanza upya. Lakini Mzee Ndete alipoona nyundo ya mpingo imeshika vumbi, aliipangusa kwa shati lake, akairudisha msumarini kwa mikono miwili. Moyo haukunipa. Kesho yake nilianza kuzigonga. Nilikuwa naazima spana kwa Kweyu, fundi wa gereji ya upande wa pili, ambaye alinivumilia sana, nafanya kazi yangu ya kweli, kisha kabla ya kumrudishia mteja gari natafuta mahali pasipoumia na kupapiga, mradi Kamati isikie.

Wewe nawe ulikuwa umekalia kiti cha mlangoni na mhuri wako, yaani wangu. Hakuna mteja aliyetoka bila kuidhinishwa. Yule mwenye pikapu ya kubeba mboga alipokosa karatasi, ulimpiga mhuri kwenye kiganja, na ninasikia alizunguka sokoni akionyesha watu. Mama Mwelu alileta jiko lake, na githeri yake ikawa inaiva pale ambapo mimi nilikusudia kuweka mafuta ya injini. Siwezi kusema uongo, ni githeri nzuri. Mteja alikuwa akija amekasirika, anapewa kiti, anapewa sahani, anasahau gari lina shida gani. Mmoja aliondoka na breki zile zile mbovu akinishukuru kwa huduma.

Mwisho walianza kuja wasio na gari. Kijana mmoja aliingia kwa miguu, suti ya kazini, akasimama mbele yangu nikiwa chini ya lori na kuniuliza, "Niaje, fundi. Ni hapa kwa githeri?"

Nilimwelekeza. Ningefanya nini.

Lalamiko la nne, lililohusu namna unavyokoroma ukiwa kwenye kiti cha mlangoni, nimelifuta kwa ombi la Mama.

Lalamiko la tano: lori la Hirad.

Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umeketi.

Utakumbuka ile wiki mifereji ilipokauka Mbotela yote, Mowlem yote, na sehemu kubwa ya mtaa wa Umoja. Jumapili ile, watu walikuwa wanatoka kanisani na mitungi mitupu mikononi. Lori la maji la Bwana Hirad likapita barabarani kwetu, likakohoa, likazimika mbele ya banda langu, kana kwamba ile spana ya meli iliyoegemezwa nje imeliita. Watu walikimbilia na mitungi. Hirad akashuka, mtu mrefu, mpole, ameloa jasho, akawaambia kwamba maji yale si ya kuuza. Yalikuwa yanapelekwa kwenye zahanati ya kina mama kule Mowlem, ambako wajawazito walikuwa wamelala na matangi yalikuwa makavu. Muuguzi alikuwa ameshampigia simu akilia.

Naomba ujue kwamba watu walirudi nyuma wenyewe. Hakuna aliyeomba hata kikombe. Walishusha mitungi wakanitazama mimi.

Nilifungua boneti nikajua shida papo hapo. Hirad alikuwa ameendesha mpaka dizeli ikafika chini kabisa ya tangi, na hewa ikaingia kwenye mpira wa mafuta. Dizeli haiwaki ikichanganyika na hewa. Alikuwa na dizeli ya akiba kwenye mtungi, tukaiongeza, lakini hewa ilibaki ndani. Kuitoa si kazi kubwa: unalegeza nati moja kwenye pampu, unapampu kwa kidole gumba mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, unakaza tena. Mtu mwenye spana ya milimita kumi na saba anaimaliza kabla chai haijapoa. Baba Mkubwa, sikuwa na spana ya kumi na saba.

Nilikimbia kwa Kweyu. Gereji ilikuwa imefungwa, naye alikuwa amekwenda na kwaya yake kuimba Thika. Nilimpigia Fundi Andati. Alikuwa Kakamega kwenye matanga, akanieleza kwa huzuni spana zake zimefungiwa sanduku gani na kufuli gani. Hirad naye alifungua sanduku lake la gari, ndani mlikuwa na kamba, sabuni na koti la mvua. Nilirudi nikaigusa ile nati kwa vidole kana kwamba itanihurumia. Halafu nikakaa chini, kando ya gurudumu.

Hirad alichuchumaa karibu nami. "Fundi, mimi sina haraka na wewe," alisema. "Haraka ni ya wale kina mama."

Sijawahi kusikia maneno mapole yakiuma namna ile. Na Kamati ilikuwepo, yote, mmetoka kanisani na nguo zenu nzuri. Ulijitolea kuandika barua ya kuomba spana, na ukauliza iandikwe kwa nani. Mama Mwelu aliuliza kama nimekula. Mzee Ndete aliinama akaitazama ile nati muda mrefu, kama anavyotazama gogo, kisha akaenda ukutani na kurudi na patasi nyembamba na nyundo ya mpingo.

Nilikataa. Nataka iandikwe kwenye kumbukumbu za Umoja kwamba nilikataa. Fundi Andati alitufundisha kwamba anayelegeza nati kwa patasi na nyundo si fundi, ni mwizi wa vyuma. Kwake mtu alifukuzwa kazi kwa kosa hilo, nami nilisimama pale nikakubali kwamba amestahili. Nati inapasuka kingo. Ukikosea kidogo unavunja pampu, na pampu ya lori lile siwezi kuilipa hata nikiuza banda na mabati yake. Na watu wote walikuwa wananitazama, wengine wakiwa wateja wangu, wengine wakiwa tu wamekuja kwa githeri. Nilimweleza Mzee Ndete haya yote. Alinisikiliza kwa adabu, ameshika patasi yake.

Mama alikuwa amefika, sijui aliitwa na nani. Hakunikaripia. Alisema kwa sauti ya chini, "Piga, Syombua. Mimi nilikuzaa kukiwa hakuna maji."

Nikapiga.

Mzee Ndete aliweka ncha ya patasi kwenye ubavu wa nati na kuishikilia. Pigo la kwanza liliteleza likampata kwenye kidole gumba. Alinyonya kidole, akairudisha patasi mahali pake, akaniambia nipige kama ninayebisha hodi kwa mtu ninayempenda. La pili halikufanya kitu. La tatu niliisikia nati ikilia, na nikahisi imesogea, kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini. Niliendelea kuizungusha hivyo, pigo kwa pigo, mpaka dizeli ikaanza kutoka na povu. Mama Mwelu, bila kuambiwa, alikuwa ameshaingiza sufuria lake jipya chini kuikinga. Nikapampu. Povu likapungua, likaisha. Nikaikaza nati kwa njia ile ile ya aibu, na kumwambia Hirad awashe.

Lilikohoa, likatoa moshi mweusi uliowapaka wote waliovaa nyeupe, likanguruma. Watu walipiga makofi. Wewe ulipanda kwenye ngazi ya lori na kulipiga mhuri wa IMEIDHINISHWA kwenye mlango, ambao nasikia Hirad hajaufuta mpaka leo. Lori likaenda Mowlem. Muuguzi alimpigia Hirad tena jioni, safari hii akicheka, na watoto waliozaliwa siku ile walioshwa kwa maji safi. Hilo siwezi kulilalamikia, ingawa nimejaribu.

Ninacholalamikia ni kwamba nyundo ilifanya kazi. Kama ingeshindwa, nyote mngeona kwa macho yenu kwamba fundi anahitaji spana, na Jumatatu tungeenda Gikomba pamoja. Sasa nani atanisikiliza? Mzee Ndete amefunga kidole gumba kwa kitambaa cheupe na anakionyesha kila mtu kama nishani. Mama Mwelu anadai sufuria lingine kutoka kwa Kamati, kwa kuwa lile linanukia dizeli, ingawa wateja wanasema githeri imepata ladha. Na Hirad, ambaye ni mtu mwema na hakukusudia ubaya, amewaambia madereva wote wa malori anaowajua, kuanzia Eastleigh mpaka Mlolongo, kwamba Mbotela kuna binti anayefufua injini kwa nyundo peke yake.

Lalamiko la sita: jina langu.

Madereva wanakuja. Wanakuja wengi, Baba Mkubwa, na malori makubwa kuliko nilivyoota. Lakini dereva akishaegesha haniulizi kama ninajua kupima valvu. Anasimama, anakunja mikono, anangoja kuona nyundo. Wiki hii nilirekebisha injini ya mtu kwa spana za kuazima za Kweyu, kazi safi kabisa, ambayo Fundi Andati angeitazama akaridhika. Mwenye lori hakutaka kuondoka. Alisema anahisi kama sijamfanyia kazi. Ikabidi nigonge chesisi, ile fremu ya chini ya lori, mara moja, ndipo uso wake ukakunjuka. Wananiita Nyundo. Watoto wakipita wananiita Nyundo. Kijana mmoja wa Makadara ambaye nilikuwa nimeanza kumfikiria kwa wema, aliniandikia ujumbe kunisalimu, akaanza na "Mrembo Nyundo".

Nilisoma miaka ya kutosha kuijua injini kwa kuisikiliza na kuipima. Ninaweza kukuambia kwa kugusa tu kama nati imekazwa vya kutosha. Nilitaka watu waseme, yule Syombua ana mkono mwepesi. Usiku mwingine ninalala nikijua kwamba nimesaidia watu, na bado ninataka kulia, na sijui nimlilie nani, kwa kuwa wote walionifanyia hivi wananipenda.

Na jana, siku niliyokuja kwako, niliamka nikakuta Kamati imetundika bango juu ya banda bila kuniuliza. Limechongwa na Mzee Ndete kwa mbao ya mvule. Sitabisha kwamba ni zuri. Katikati pana nyundo kubwa inayotoa miale kama jua, chini yake imeandikwa NYUNDO DIESEL, na pembeni, kwa maandishi madogo, GITHERI IPO. Ukaniambia pia kwamba Kamati imepanga kwenda tena Gikomba, kwa kuwa mahitaji ya nyundo yameongezeka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, ninaomba yafuatayo.

Kwanza, Kamati ya Vifaa ivunjwe leo, na wanachama wake washukuriwe kwa barua itakayopigwa mhuri wangu.

Pili, Umoja upitishe sheria ya kudumu kwamba hakuna mzee atakayemnunulia kijana kifaa cha kazi asiyoijua, hata kama kifaa hicho ni kizuri, hata kama kiliuzwa kwa bei ya kutupa, na hata kama muuzaji ni wa kwetu. Anayeanza kazi aulizwe, na jibu lake ndilo linunuliwe. Ninasisitiza hili kuliko yote.

Tatu, kamba ifungwe kuzunguka injini yoyote ninayoifungua, na mwanakamati asiivuke. Mzee Ndete anaweza kuketi kando ya kamba, kwa sababu ya kidole.

Nne, ile spana ya meli irudishwe baharini.

Tano, bango literemshwe, na kwenye mkutano ujao utangaze mbele ya watu wote, ukiwa umesimama, kwamba Syombua ni fundi wa spana. Nitakuwepo. Nitakuja na zile nne nilizozinunua kwa pesa za malori, moja ikiwa kumi na saba, nizionyeshe.

Ombi langu likikataliwa, nitahamishia banda Mowlem, ambako hakuna anayenijua, na huko nitaanza upya nikiwa na spana zangu nne na jina nililopewa na wazazi. Sisemi haya kwa vitisho. Nimeshauliza bei ya mkokoteni.

Nisalimie Mama Mkubwa, na umwambie mashine yake ya kusaga nimeitengeneza, sikuigonga. Nisalimie Mzee Ndete, umwulize kidole kimeamkaje. Salamu kwa Mama Mwelu, na aniwekee sahani ya saa saba, isiyo na pilipili. Salamu kwa Baba kule mjini Wote ukimpigia kabla yangu, ila usimsomee barua hii kwa simu, maana atacheka na kifua chake hakijapona. Mama anakusalimu, amesimama nyuma yangu akisoma, na ananiambia nimalize kwa heshima.

Ninamaliza kwa heshima. Mimi ni yule binti yako ambaye ukiinua kichwa sasa hivi utamwona akipiga barua hii mhuri,

Syombua Mwangangi.
IMEIDHINISHWA

Tanbihi, jioni: Mama Mkubwa alipita hapa mara nilipopiga mhuri, akanieleza kwamba Kathini, binti wa shangazi, amefungua duka la ushonaji Mowlem, na kwamba zamu ya kununuliwa vifaa ni yake. Naomba kuvunjwa kwa Kamati kusubiri kidogo, na niongezwe mimi kuwa mwanachama wa nne. Kathini tumeshamuuliza, akasema anataka cherehani, mkasi na pasi. Ni mtoto mzuri lakini ndio kwanza anaanza. Cherehani ni mashine, na mashine yoyote ikiharibika lazima iinuliwe juu uone chini kuna nini. Nimepita Gikomba mchana huu nikampata muuzaji wa kwetu, na jeki nimeshamnunulia. Ni ya lori.